Maji ya Moto Gikundamvura

Mwavita alijifunza kazi ya bati kwa sababu baba yake hakujaliwa mtoto wa kiume. Mzee Yusufu Harelimana alikuwa na kibanda Kamembe, chini kidogo ya msikiti, akitengeneza vibatari, majiko ya makaa na mifereji ya paa. Mwavita, binti yake wa kwanza, alipoweza kushika mkasi wa bati, alimpa mkasi. Majirani walicheka kidogo, kisha wakazoea. Kufikia miaka ya themanini, mtu ambaye ndoo yake imetoboka alimwulizia Mwavita hata kama mzee mwenyewe alikuwa amekaa pale mlangoni.

Kutoka kwenye bati akaingia kwenye mabomba. Hoteli na nyumba za wageni za Cyangugu, kule chini ziwani, zilikuwa na matangi ya kupasha maji yaliyoachwa na Wabelgiji, na hakuna aliyetaka kuyagusa kwa kuogopa yasimlipukie usoni. Mwavita aliyagusa. Aliyafungua, akayasugua, akajua kila moja lina ugonjwa gani. Aliolewa na Saidi, mwuza vitenge, wakapata mabinti wawili. Baadaye Saidi akawa anakaa Uvira zaidi kuliko nyumbani, akaoa huko, na hawakugombana. Alipunguza tu kuja, hadi siku moja Mwavita akatambua kwamba hamngoji tena.

Kisha mzee Yusufu akapooza upande mmoja. Kwa miaka Mwavita aliamka kabla ya adhana, akawasha makaa, akapasha maji, akamwogesha baba yake, akambadilisha nguo, akamlisha uji, halafu ndipo akabeba mfuko wa vyombo na kwenda kazini. Mzee hakuwa mgonjwa rahisi. Maji yakiwa moto alilalamika, yakipoa alilalamika pia. Alipofariki, sisi majirani tulisema sasa Mwavita atapumzika. Yeye mwenyewe alidhani hivyo. Mabinti walikuwa wameolewa, nyumba ilikuwa kimya, naye alikuwa amepita miaka hamsini na magoti yameanza kumsumbua. Lakini mwili ulikuwa umezoea kuamka gizani. Aliamka, akakaa kitandani, na hakuwa na wa kumwogesha. Alituambia kwamba uchovu aliokuwa ameusukuma miaka yote ile ulimfikia wakati huo, wote kwa pamoja.

Alikuwa katika hali hiyo Mukarugwiza alipomfuata kibandani.

Mukarugwiza alizaliwa Gikundamvura, kule juu ya bonde la Bugarama. Masista walimpeleka Ubelgiji angali msichana kusomea uuguzi, na huko akafanya kazi hospitalini mpaka nywele zikawa nyeupe. Hakuwa na mume wala mtoto. Alipostaafu alinunua gari-nyumba la zamani, yale magari marefu meupe ambayo ndani mna kitanda, jiko na kijichumba cha kuogea. Alilisafirisha kwa meli hadi Dar es Salaam, akatafuta dereva, wakalileta mpaka kwao. Nia yake ilikuwa kumpakia mama yake na kumtembeza. Mama huyo, Mukankusi, hakuwahi kuiona Kigali. Alikuwa amevuka mto tu, kwenda kuuza mchele Kamanyola, upande wa Kongo, na mara moja kukimbilia huko huko mwaka wa vita.

Mukankusi aliliangalia gari, akasema ni zuri, na akasema haendi popote. Viungo vyake vilikuwa vimekaza. Kukaa kulimuuma na kusimama kulimuuma. Basi gari likaegeshwa kando ya nyumba ya udongo, chini ya migomba, na matairi yakaanza kuzama ardhini. Kitu kimoja tu cha gari hilo ndicho kilichompendeza yule bibi, nacho ni maji ya moto. Zamani, alipokuwa na miguu, alikuwa akienda na wanawake wenzake kwenye chemchemi ya moto ya Mashyuza kujilaza majini hadi maumivu yapungue. Sasa hakuweza kufika huko hata kwa kubebwa. Lakini ndani ya gari mlikuwa na kichombo cha kupasha maji kwa gesi, ambacho Mukarugwiza alikiita shofo, nasi sote tukakiita hivyo. Kila asubuhi alimwogesha mama yake kwa maji ya shofo, na bibi aliweza kunyoosha vidole na kushika kikombe mwenyewe.

Sasa shofo lilikuwa limeanza kupiga kelele, na maji yalitoka vuguvugu, machache, yenye vipande vyeupe.

“Banasema weye njo unajua mambo ya maji ya moto,” Mukarugwiza alimwambia. Kiswahili chake kilikuwa kile cha utoto, cha sokoni Bugarama, na kilikuwa kimekaa bila kutumika.

Mwavita alimjibu kwamba Gikundamvura ni mbali na magoti yake ni mabovu. Mukarugwiza hakubembeleza. Alimweleza tu habari ya vidole vya mama yake na kikombe. Mwavita akachukua mfuko wa vyombo.

Njia ya kwenda huko ni ya kuteremka. Kamembe kuna ubaridi wa ziwa, lakini ukiwa kwenye pikipiki kuelekea Bugarama unahisi joto likipanda kutoka bondeni, na vumbi la mawe ya chokaa linakukaa kooni. Mwavita alifika mgongo ukiwa umekufa ganzi. Alisalimia, akanywa maji, akaomba kikombe cha pili na kukiangalia kwenye mwanga. Kisha akaenda kulisikiliza shofo. Lilikuwa likigugumia kama maharagwe chunguni.

Alizima gesi, akaliacha lipoe, akafungua kizibo cha chini. Maji yalitoka meupe. Alichomoa ile fimbo ya madini inayowekwa ndani ili kutu iile yenyewe na kuacha tangi. Ilikuwa imeliwa hadi kubaki nyembamba kama msumari. Maji ya kilima kile yanapita kwenye mawe ya chokaa, na chokaa ikipashwa moto inaganda. Ndani ya tangi ilikuwa imejijenga ukuta, na moto ulikuwa ukipasha ukuta huo badala ya maji. Alimweleza Mukarugwiza yote hayo taratibu, huku akimwonyesha vile vipande vilivyofanana na maganda ya mayai.

Aliomba malimau. Watoto wa jirani walileta kikapu, wanawake wakayakamua, wakachuja maji yake kwa kitambaa, na Mwavita akayamimina ndani ya tangi, akaacha yafanye kazi. Alilala huko, katika nyumba ya udongo, kwenye mkeka pembeni mwa kitanda cha bibi. Asubuhi yake alilifungua tena na kulisuuza hadi maji yakatoka safi, akasugua kichomeo kwa mswaki, akatoa utando wa buibui kwenye tundu la gesi, akawasha. Moto ulikaa bluu na kutulia.

Tangu hapo alikuwa akirudi kila baada ya wiki kadhaa. Kufungua, kumwaga, kukamua malimau, kusugua, kuangalia fimbo, kuangalia ile valvu ndogo ya kupumulia ambayo inatoa mvuke tangi likizidiwa. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kilichomchosha kilikuwa kwamba haikwisha. Chokaa haikupumzika. Alirudi Kamembe akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, akalala na nguo, na kabla mgongo haujapona simu ililia tena. Binti yake mkubwa alimgombeza. Alimwuliza kama aliwaahidi watu wa Gikundamvura kufa juu ya pikipiki. Polepole Mwavita akaanza kukubali kwamba binti ana haki. Alipanga kwenda mara moja zaidi, si kwa kazi, bali kumwambia Mukarugwiza uso kwa uso kwamba atafute mtu mwingine. Kwa simu aliona ni aibu.

Safari hiyo ilichelewa. Binti mdogo alijifungua, Mwavita akakaa naye hospitalini na baadaye nyumbani, na simu ya Gikundamvura ilipopigwa, alisema hawezi. Mukarugwiza alisema anaelewa. Alikuwa na shida ndogo tu, valvu ilikuwa ikidondosha maji mfululizo na kulowesha sakafu. Angetafuta mtu wa karibu airekebishe.

Mwavita alipopata nafasi, aliondoka mapema, na njiani alikuwa akipanga maneno yake. Angeanza kwa kumshukuru. Angesema habari ya magoti, halafu ya mjukuu. Alishuka kwenye pikipiki akiwa bado anayapanga, na ndipo aliposikia sauti.

Haikuwa ile ya maharagwe. Ilikuwa ya chuma kinachogonga kutoka ndani, pa, kisha kimya, kisha pa tena. Gari lilikuwa likitetemeka kidogo kila mara. Mukarugwiza alikuwa mlangoni mwa gari akimvua mama yake kanga ya mabegani, tayari kumwingiza kwenye kijichumba cha kuogea.

Mwavita aliacha mfuko chini na kwenda moja kwa moja nyuma ya gari, kwenye chupa ya gesi, akaifunga. Halafu akarudi mlangoni.

“Toa Mukecuru inje,” alisema, akimwonyesha bibi kwa kidole. “Usifungue robine ya maji. Usiguse kintu. Kuja.”

Mukarugwiza alimwangalia usoni mara moja, akamrudishia mama yake kanga mabegani. Wawili hao walimnyanyua bibi kwa mikono na kumpeleka hadi upande wa pili wa nyumba ya udongo. Mwavita aliwafukuza watoto na kuku. Wakakaa chini, migongo ukutani, wakisikiliza chuma kikigonga. Bibi alikuwa ameshika mkono wa Mwavita, na mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa mtoto. Mapigo yakaanza kuachana, yakawa ya mbali, yakakoma. Hata hivyo Mwavita hakuwaruhusu kusogea hadi jua lilipokuwa limeingia chini ya migomba.

Aliingia peke yake. Kwenye mdomo wa ile valvu ya kupumulia, mtu alikuwa amefunga bolti na kuizungushia utepe mweusi. Ndiyo maana haikudondosha tena. Swichi ya kuzima moto nayo ilikuwa imegandishwa na chokaa, hivyo maji yaliendelea kuchemka bila pa kupumulia. Tumbo la tangi lilikuwa limevimba, na kwenye mshono palikuwa na ufa wa urefu wa kidole.

Mukarugwiza alisema ni fundi wa pikipiki aliyepita barabarani, mtu mwema, hakutaka hata kulipwa. Kisha yule mwanamke aliyeuguza watu maisha yake yote akakaa kwenye ngazi ya gari.

“Ningemuua mama,” alisema.

“Haukumuua,” Mwavita alimjibu. “Mama iko pale, inaomba chai.”

Maneno aliyoyapanga njiani hakuyasema. Alikaa na ufunguo mkononi, akitazama lile tangi lililovimba, na aliniambia baadaye kwamba kama angekuwa peke yake angelia. Asingelilia hatari iliyopita, bali uchovu. Alijua kwamba sasa kazi ndiyo imeanza.

Alilifungua tangi kutoka kwenye gari na kulifunga kwenye gunia. Huko Kamembe mafundi wa kulehemu waliligonga kwa kidole na kutikisa kichwa. Chuma kilikuwa chembamba, mashine zao za umeme zingekitoboa. Mmoja alimwelekeza kwa Buhendwa, mzee wa Bukavu anayelehemu kwa gesi. Basi Mwavita akateremka Cyangugu, akavuka mpaka wa Rusizi ya Kwanza na tangi mgongoni, ndani ya kitenge kama mtoto, kwa sababu mikono ilikuwa imechoka kulibeba. Afisa wa forodha alimwuliza amebeba nini. Alijibu kwamba ni shofo ya mukecuru mmoja, inagonjwa, anaipeleka kwa munganga. Afisa alilichungulia, akaona kweli ni mgonjwa, akampisha.

Buhendwa alikuwa mtu wa maneno machache. Aliligeuza tangi mara nyingi, akasema anaweza kuziba ufa na kulinyoosha tumbo kidogo, lakini chuma kimechoka na hakitarudi kuwa kipya. Mwavita alimwambia hata yeye hakuomba kipya. Alikaa kwenye benchi la karakana akingoja, akasinzia, na Buhendwa alimwacha alale hadi kazi ilipokwisha. Alipoamka alikuta tangi limewekwa karibu na miguu yake, mshono wake mpya unang'aa, na chai imepoa kwenye kikombe.

Siku chache baadaye alilirudisha Gikundamvura. Aliweka valvu mpya aliyoipata Bukavu na swichi aliyoitoa kwenye mashine mbovu ya hoteli. Alilijaza maji, akawasha moto mdogo, akakaa mbele yake muda mrefu akiweka kiganja kwenye mshono. Lilishika. Akamfundisha Mukarugwiza kunyanyua kile kijiti cha valvu kila asubuhi kabla ya kuwasha, kusikia ikipumua, na akamwambia kama haipumui asiwashe.

Siku ile Mukarugwiza alikuwa na mgongo ulioumia tangu walipomnyanyua bibi, hivyo Mwavita ndiye aliyemwogesha. Kijichumba kilikuwa chembamba, mtu mmoja akae na mwingine asimame amepinda. Alimketisha bibi kwenye kigoda, akapima maji kwa kiwiko, akaanza na miguu, akapanda magotini, akapita nyuma ya masikio, akamwaga maji kwenye vidole kimoja kimoja hadi vikalegea. Hakufikiri. Mikono ilikuwa ikikumbuka yenyewe.

“Ulikuwa unaosha nani?” Mukankusi aliuliza.

“Papa yangu. Sasa amekufa.”

“Alikuwa anasema asante?”

Mwavita alimmiminia maji mabegani. “Hapana. Alikuwa anasema maji ni mubaya.”

Bibi aliinamisha kichwa, maji yakimtiririka mgongoni. “Bantu banakuwa na haya,” alisema. “Kuoshwa na mutoto wako ni mugumu. Mimi pia sijaambia huyu wangu asante hata siku moja. Nakuambia weye, sababu weye si mutoto wangu.”

Alipokwisha kuvalishwa na kulazwa, bibi alimwagiza Mwavita akaoge, kwa kuwa maji bado yapo. Mwavita alikataa kwa adabu, na bibi akarudia, safari hii kama mtu anayemtuma mtoto. Akaenda. Alikuwa ametengeneza maji ya moto ya watu tangu ujana, na kwake alioga kwa ndoo na kopo. Alisimama chini ya yale maji ameegemeza paji la uso kwenye ukuta wa plastiki, akaacha yampige mabegani na mgongoni. Hakusugua wala hakupaka sabuni. Aliniambia alisikia baba yake akimtoka mwilini, polepole, kama tope linalotoka kwenye nguo. Alibaki pale mpaka maji yakapoa, na hata yalipopoa alisimama kidogo.

Baada ya hapo hakuzungumza tena habari ya kuacha. Binti yake mkubwa alikasirika, halafu akachoka kukasirika. Safari ziliendelea mwaka mzima na zaidi, na sitasema zilikuwa nyepesi. Magoti hayakupona. Msimu wa mvua pikipiki iliteleza naye akaanguka kwenye tope na kujiumiza bega. Kuna siku alifika, akamaliza kazi, na hawakuongea chochote yeye na Mukarugwiza, kila mmoja alikaa upande wake wa ngazi akiangalia mashamba ya mpunga kule chini, wote wawili wamechoka kiasi cha kutotafuta maneno. Lakini bibi alioga kila asubuhi, na alishika kikombe chake.

Mukankusi alifariki mwanzoni mwa kiangazi, asubuhi, baada ya kukataa uji. Alilala tena na hakuamka. Mukarugwiza alimpigia Mwavita akiwa na sauti kavu, akamwambia mama amekwenda, na kwamba shofo limegoma kuwaka.

Alipofika, wanawake wa kanisa walikuwa wameshajaa uani, wakiimba kwa sauti ya chini. Jirani mmoja, Nyirabagenzi, alikuwa amebandika sufuria kubwa kwenye mafiga na kusema maji ya kumwoshea marehemu yatachemka hapo, kuna haja gani ya mashine. Mukarugwiza alimgeukia Mwavita.

“Nataka aoge maji yake,” alisema.

Mwavita hakubishana. Alikwenda nyuma ya gari, akapiga magoti kwa shida, akafungua kifuniko cha tundu la moshi. Nyigu walikuwa wamejenga ndani. Wanajenga haraka wakati wa jua, kijumba cha udongo mgumu kilichoziba tundu lote, na moto bila pa kutoa moshi unakufa. Alianza kukibomoa kwa waya, kipande kwa kipande, huku nyimbo zikiendelea upande wa pili. Udongo ulimwangukia machoni. Nyigu mmoja alimuuma shingoni, akamfukuza kwa kiganja, akaendelea. Alisafisha kichomeo, akapuliza tundu la gesi, akanyanyua kijiti cha valvu na kuisikia ikipumua. Akawasha. Moto ulikuwa wa njano kwanza, ukayumba, kisha ukawa bluu.

Wanawake walimbeba Mukankusi hadi ndani ya gari. Mwavita hakuingia. Alisema hao ni watu wa kanisa la marehemu, wana dua zao na taratibu zao, na yeye ana zake. Alikaa kwenye jiwe karibu na chupa ya gesi, kiganja juu ya bati la gari pale mshono ulipo kwa ndani, akiangalia moto usizimike. Alisikia maji yakianza kutiririka. Alisikia sauti ya Mukarugwiza ikimwambia mama yake anyanyue mkono, kama alivyomwambia kila asubuhi, halafu ikakatika, na Nyirabagenzi akamalizia. Maji machafu yalitoka chini ya gari na kupita kwenye migomba, yakitoa mvuke kidogo. Mwavita alisoma kimoyomoyo dua alizozijua.

Walimzika siku iliyofuata, juu ya shamba, mahali alipoonyesha mwenyewe.

Watu walipoanza kuondoka, Mwavita alirudi kwenye gari na ufunguo. Mukarugwiza alimkuta amelala chali chini yake, akifungua kizibo cha chini.

“Unafanya nini?”

“Namwanga maji. Shofo ikikaa na maji bila kutumika, inaoza.”

Mukarugwiza alisema aache. Alisema maji hayo ni ya mwisho, yaliyobaki baada ya mama, na hataki yamwagwe ovyo. Mwavita alitoka chini ya gari, akajipangusa, akakaa kwenye ngazi. Hakumharakisha. Walikaa hapo hadi Mukarugwiza mwenyewe alipoinuka, akaenda ndani ya nyumba, akarudi na ndoo. Aliiweka chini ya kizibo. Mwavita akafungua, na tangi likamwagika lote ndani ya ndoo, maji yenye chokaa, vuguvugu bado. Mukarugwiza aliibeba ndoo kwa mikono miwili, akaanza kupanda shambani taratibu kuelekea kaburini, mgongo umepinda, naye Mwavita hakumfuata. Alifungua mabomba yote yakauke, akachomoa fimbo na kuifunga kwenye kitambaa, akaziba tundu la moshi kwa wavu ili nyigu wasirudi, akafunga chupa ya gesi. Alifanya hivyo kwa mpangilio, kama gari litaondoka kesho.

Mukarugwiza hakurudi Ubelgiji. Alijenga chumba kimoja kizuri cha matofali pale pale, na akina mama wa kilima wanamletea watoto wenye homa awaangalie. Gari lipo bado. Mbuzi wanalala chini yake mvua ikinyesha. Yeye na Mwavita wanapigiana simu siku ya Ijumaa, wakati mwingine kwa muda mfupi sana, kuulizana tu kama kila mmoja amelala vizuri.

Siku ile ya kumwaga maji, Mwavita alichukua pikipiki ya kurudi, na walipofika Gashonga mvua ya msimu usio wake iliwakuta. Dereva alisimama kwenye duka la kando ya barabara. Mwenye duka aliwapa viti, akaleta sahani ya muhogo na maharagwe. Mwavita alikula akamaliza, akaomba nyingine, akamaliza nayo. Mvua ilikatika, barabara ikaanza kutoa mvuke, na dereva akapangusa kiti cha pikipiki kwa mkono wa shati na kumwambia wanaweza kwenda.

“Ngoja kidogo,” Mwavita alimwambia. Alikuwa amenyoosha miguu mbele yake, ameegemea ukuta, akiwaangalia watu wakitoka majumbani mwao kurudi mashambani.

Dereva alikaa tena.